Viatu Vipya vya Ngazi

Tangazo. Wote wenye mioyo wanaombwa wakae vizuri na kunyamaza, kwa maana hapa linasimuliwa penzi kubwa kuliko yote yaliyopata kutokea tangu watu waanze kutazamana. Penzi hilo lilianzia mbele ya choo.

Tuwe waungwana: hakikuwa choo cha hivi hivi. Kilikuwa choo cha stesheni kuu ya treni, saa mbili asubuhi, abiria wakipishana na masanduku kama siafu, sakafu ya vigae ikiwa ndiyo kwanza imepigwa deki. Juu ya ngazi ya alumini, mchora mabango mmoja mwenye ovaroli la rangi saba na kofia iliyogeuzwa nyuma alikuwa akiandika VYOO kwa rangi nyekundu. Alikuwa amefika kwenye VYO. Jina lake la kuzaliwa halituhusu. Watu wote walimwita Brashi.

Chini yake alikuwa akipita dada mmoja mwenye gauni la kijani lenye mifuko mikubwa na mkoba ulimochomoza pimamaji. Kwa sababu ya hiyo pimamaji alijulikana kama Injinia. Wanawake wengine hubeba wanja na kioo. Yeye alibeba kifaa cha kujua kama meza imelala sawa.

Ngazi ikaanza kuteleza. Brashi akavuta mstari mwekundu ukutani kutoka kwenye O ambayo haijazaliwa mpaka karibu na swichi ya taa. Injinia akatupa mkoba, akaukanyaga mguu wa ngazi kwa kisigino na kuikumbatia ngazi kama ndugu aliyepotea.

"Shuka," alisema.

"Nashuka, mama. Usiachie."

"Mimi si mama yako. Kipago kimoja kimoja, taratibu."

Brashi alipofika chini alivua kofia ili atoe shukrani zake, lakini Injinia hakuwa na habari naye. Alikuwa amepiga magoti, akitazama miguu ya ngazi.

"Hivi viatu vimekufa."

Brashi akatazama miguu yake. "Nimevinunua mwezi jana."

"Vya ngazi. Plastiki ngumu, na mifereji yote imesagika. Maji yakiingia hapa hayana pa kutokea. Hii si ngazi, kaka, hii ni sabuni yenye vipago."

"Kwani wewe ni daktari wa ngazi?"

"Wa miguu tu."

Brashi alicheka mpaka akasahau kwamba dakika mbili zilizopita alikuwa anaagana na dunia. Mwanamke aliyetazama viatu vya ngazi kabla ya kumtazama yeye. Hilo lilikuwa halijamtokea. Akaomba namba ya simu, kwa ajili ya ngazi, bila shaka.

Injinia hakuwa akifanya mzaha. Karakana yao ilikuwa ya baba yake, aliyetengeneza mazulia ya mpira mpaka siku ngazi ilipomteleza akibadilisha taa, akavunjika nyonga. Injinia ndiye aliyemkuta sakafuni. Tangu hapo baba alitembea kwa fimbo, na binti yake akaacha mazulia, akaanza kubuni kiatu cha ngazi kisichoteleza. Miaka miwili alichonga kalibu na kupika mpira, akaonja kila mchanganyiko kwa kucha kama mpishi anayejaribu chumvi: huu laini mno, huu mgumu mno, huu umepasuka. Hatimaye akapata kiatu chenye kiungo cha kuzunguka, ili soli ilale yote sakafuni hata ngazi ikiinama, na mifereji ya kusukuma maji nje kama tairi la gari. Alibakiza kitu kimoja tu: mtu wa kukivalisha ngazi yake na kukitumia kazini kila siku.

Mtu huyo akajileta. Kila jioni simu ililia.

"Halo, Daktari wa Miguu."

"Mgonjwa anaendeleaje?"

"Mgonjwa amesimama imara. Mwenye ngazi ndiye anayetetemeka."

"Ana nini?"

"Hajala tangu asubuhi, na hana wa kumwonea huruma."

"Kale basi, mpenzi."

"Umesema nani?"

"Nimesema kale. Simu yako mbovu."

Mama yake Injinia, aliyekuwa akikunja nguo pembeni, hakuinua macho. "Huyo kijana anapima ngazi au anapima mtu?"

"Ngazi, mama."

"Haya. Kisebusebu na kiroho papo."

Nyumbani humo alikuwamo pia mdogo wake Injinia, aliyerudi kila likizo kutoka shule ya bweni: msichana mwerevu, mpole, mwenye adabu adimu na viatu vinavyong'aa. Habari zake si muhimu hata kidogo. Tuendelee.

Miezi mitatu ikapita na Brashi hakulitamka neno. Alilizunguka kama paka anayezunguka uji wa moto. Alisifu mifereji. Alisifu kiungo. Siku moja alishika mkono wa Injinia, akauliza kama mpira unakaa kalibuni dakika ngapi. Watu waliompenda Injinia waliumia kuona hali hiyo, na baadhi yao walianza kuwaza.

Ndipo ikafika siku ya majaribio. Meneja wa kiwanda cha ngazi alikuwa amekubali kuja kuona viatu hivyo kwa macho yake. Akiridhika, kila ngazi itakayotoka kiwandani kwake itavaa viatu vya Injinia. Jumapili jioni Brashi alileta ngazi yake kutoka kazini na kuiegemeza karakanani. Jumatatu asubuhi alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa na makali. Injinia alivaa gauni la njano, na kwa mara ya kwanza wanja.

"Leo umependeza," alisema Brashi.

"Panda ngazi."

Vigae vilitandazwa, vikamwagiwa maji ya sabuni. Ngazi ikasimamishwa kwa kipimo chake: ukutani urefu wa hatua nne, chini hatua moja kutoka ukutani. Brashi akapanda mpaka kipago cha tano, akageuka amwonyeshe meneja kwamba mambo ni shwari.

Ngazi ikaondoka chini yake kana kwamba imeitwa.

Brashi alianguka juu ya mkono wake wa kulia. Injinia alisimama pale pale. Hakumwona Brashi, alimwona baba yake, sakafu ile, taa ile iliyovunjika. Na hofu ilipotoka mdomoni mwake ilitoka ikiwa imevaa nguo za hasira.

"Umevipaka nini viatu vyangu?"

Brashi aliinuka taratibu, mkono ameukumbatia kifuani. "Umeuliza viatu kwanza."

"Ngazi ilikuwa kwako mpaka jana. Ni yale mafuta yako ya kuoshea brashi."

"Sijavigusa."

"Mpira wangu hautelezi."

"Basi nimejiangusha," alisema Brashi. "Siku ile stesheni ulitazama viatu kwanza nikacheka, nikadhani ni utani wako. Kumbe ndivyo ulivyo."

Akatoka. Meneja akafunga faili lake na kusema atapiga simu, kwa sauti ya mtu asiyekusudia kupiga.

Zikapita wiki tatu. Injinia alipiga, hakupokelewa. Alisikia kwamba kifundo cha mkono kimeteguka na kwamba Brashi hawezi kushika hata kijiko. Viatu alivitupa ndani ya kopo, akarudia mazulia. Mdogo wake, kwa sababu zisizojulikana, alikonda.

Baba ndiye aliyevunja kimya. Aliingia karakanani na fimbo yake, akalisukuma lile kopo kwa ncha.

"Umevichunguza?"

"Nichunguze nini, baba? Vimeshindwa."

"Mimi nilipoanguka, ulipekua kila kitu mpaka ukaipata sababu. Huyu kijana umemhukumu bila kupekua. Ndivyo kazi yako inavyofanywa?"

Injinia alitoa kiatu kimoja, akakifuta soli kwa kitambaa cheupe chenye spiriti. Kitambaa kikawa cheusi. Akakinusa. Haikuwa harufu ya mafuta ya brashi. Ilikuwa rangi ya viatu, ile ya kopo bapa, imepakwa nyembamba, ikapigwa brashi na kung'arishwa kwa ustadi wa mtu aliyezoea ukaguzi.

Akaviosha kwa sabuni na maji ya moto. Akamwaga maji kwenye vigae, akasimamisha ngazi ya baba, akaning'iniza gunia la mchanga, la pili, mpaka la saba. Ngazi haikusogea hata unene wa kucha. Injinia akakaa chini kwenye maji yale yale, akalia na kucheka kwa pamoja, na baba akageuka akatazama dirishani ili ampe nafasi.

Alimkuta Brashi stesheni, amesimama chini ya VYO, ambayo miezi yote hiyo alikuwa akiiahirisha kwa visingizio, ovaroli mwilini, akiitazama ngazi yake kama mbwa aliyewahi kumuuma. Injinia alikaribia na mkoba wake.

"Mkono wako unaendeleaje?"

Brashi aliutazama. "Unapona."

"Unauma ukiukunja?"

"Kidogo. Hujauliza ngazi."

"Ngazi inaweza kusubiri. Nilikutuhumu bure. Mtu alivipaka rangi ya viatu. Mimi nilikuona chini nikaogopa, na nikiogopa ninakuwa mjinga. Nisamehe."

Akafungua mkoba, akaivisha miguu ya ngazi viatu vyake, akachukua brashi kutoka mkononi mwa mwenyewe na kupanda. Sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki. Ngazi ilisimama kama nguzo. Pale juu alichora O, na O hiyo ilitoka kama kiazi.

"Mbaya sana," alisema Brashi, akicheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu. "Shuka, laazizi, kabla hujaniharibia jina."

"Sishuki mpaka useme."

"Niseme nini?"

"Unajua."

"Hapa, mbele ya choo?"

"Kwani tulianzia wapi?"

Brashi akavua kofia. Akasema alitaka kusema siku ile ile ya majaribio, baada ya meneja kuondoka. Ndiyo maana alipiga shati pasi. Akamwomba amkubali awe mgonjwa wake wa kudumu, kwa ndoa. Injinia akasema ndiyo kutoka kipago cha nne. Mwanamke wa deki aliyekuwa akisubiri na ndoo akasema hongereni sana, sasa pisheni, watu wana haja zao.

Meneja aliitwa tena, akaona, akapanda mwenyewe na kitambi chake, akashuka ameridhika. Kalibu hazijapoa tangu siku hiyo.

Na nani alipaka ile rangi? Historia imenyamaza. Huenda ni panya.

Nimefika hapo na dada amesimama nyuma ya kiti changu. Amesoma yote. Sikumsikia akiingia.

"Mwandishi," amesema, "hayo tuliyosema stesheni umeyajuaje?"

"Nimebuni."

"Kiazi umekibuni? Na mwanamke wa deki?"

Njia ya mwongo fupi, na yangu imeishia chooni. Nilikuwa ndani, upande wa wanawake, mlango nimeuacha wazi kidogo. Nilikuwa nimemfuata dada nikimwombea.

Na rangi ni yangu. Shuleni tunampaka kiranja rangi kwenye soli za viatu, anateleza kidogo, wote tunacheka. Nilidhani Brashi naye atateleza kidogo, dada atamdaka kama mara ya kwanza, na lile neno la mapenzi litamtoka. Kumbe alikuwa nalo mfukoni tayari. Wiki tatu sikulala, nikiogopa kwamba mkono ule hautachora tena, na nikiogopa zaidi kusema.

Shemeji nimeshamwambia. Alinitazama sana, kisha akaniuliza kama ile rangi inafaa kwa mabango. Adhabu yangu ni kuosha kila jozi inayotoka kalibuni, sabuni na maji ya moto, mpaka shule ifunguliwe.

"Umemaliza kuandika?" dada ameuliza.

"Bado sentensi moja."

"Iandike. Maji yanapoa."

Nisamehe, dada.