Njaa Aliyoachiwa Mama Bella

Watakaokuhadithia kisa hiki hapa Mulongwe ni wengi, na wote waongo. Mimi nilikuwepo. Ukuta wangu na wa Émérance ni mmoja, una ufa unaotosha jicho, na hakuna tonge lililoingia mdomoni mwake nisilolishuhudia. Hata yaliyompita moyoni nayajua, maana mwanamke mwenye njaa huwaza kwa sauti.

Basi. Émérance, Mama Bella, aliamua kupunguza mwili. Mchana sahani nusu, jioni mboga tupu, bugali marufuku. Mwanzoni njaa ilimpiga mateke kama mbuzi aliyefungwa. Halafu ikazoea, ikawa inabisha hodi na kujiondokea yenyewe. Akajivuna, na kwa kiburi hicho akaitia nyumba nzima kwenye rejimu yake ya kukonda, hata mama mkwe, bibi Capitoline, aliyekuwa mgonjwa wa kitandani. Bibi hakuwa na meno wala tumaini, ila alitamani kitu kimoja: kichwa cha mukeke, samaki wetu wa ziwa, kilichopikwa kwa mawese.

"Mama, mafuta iko mubaya kwako," Émérance alimwambia, akimwekea sombe, yale majani ya muhogo, ya kuchemsha isiyo na chumvi.

"Minye niko nakufa. Nikonde juu ya kumupendeza nani, funza?"

"Kesho tutaona."

Bibi akaitazama sombe, kisha akamtazama yeye. "Basi njaa yangu nakuachia weye. Uitunze."

Akafa sombe haijaguswa.

Matanga yalipokwisha, mchana mmoja, Émérance alisikia harufu ya mawese yanayoungua. Jiko lilikuwa baridi. Akatoka nje, akanusa kwa majirani, hata kwangu, nami siku hiyo nilikuwa natafuna muhogo mkavu. Hakuna. Akajifunika uso kwa kiganja, akapumua, na hapo akaelewa: harufu ilikuwa inatoka kwenye pumzi yake mwenyewe.

Kisha njaa ikaja, wala haikuwa ile aliyoizoea. Alisonga bugali wa watu wanne akaumaliza, na kila alipomeza alisikia chini ya koo, ndani kabisa, fyoo, fyoo, ufizi mtupu ukifyonza kichwa cha samaki. Chakula kilikuwa kinapokelewa na mwingine. Yeye alikonda.

"Rejimu imekukubali," alisema mumewe Léopold, mbeba mizigo wa bandari ya Kalundu. "Karibu nitakubeba na kidole."

"Baba Bella, minye niko nakula."

"Unakula wapi? Angalia hiyo shingo."

Wanawake wa mtaa nao wakamzingira. "Weye, tupatie jina ya dawa. Usikuwe muchoyo."

Akacheka nao, lakini mbavu zilikuwa zimeanza kuhesabika, na sketi aliifunga kwa kamba, na alikula ndagala wabichi, vile visamaki vidogo, alikula unga mkavu kwa kiganja, alikula makoko ya sufuria yaliyowekewa kuku, na kadiri alivyokula ndivyo tumbo lilivyolia na ule mfyonzo ulivyopanda, kutoka kifuani hadi kooni, kutoka kooni hadi nyuma ya meno, mpaka mchana mmoja mezani mdomo wake ukafunguka bila ruhusa yake na sauti ya Capitoline ikasema taratibu: "Na ya mutoto."

Léopold aliangusha kijiko. Bella, mtoto wa miaka mitano, akaikumbatia sahani yake.

"Umesikia?" Émérance akanong'ona. "Akinimaliza minye, atamugeukia Bella."

Wakamwita Mama Mapendo, mganga wa Kavimvira, akafika kwa pikipiki na mwavuli wazi. Akalaza sikio kwenye tumbo la Émérance kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani.

"Iko ndani. Inakula pole pole."

"Utaitoa, Mama?"

"Dawa gani inafukuza mutu ulimunyima chakula? Mupikie mukeke yake, umupelekee mu chumba yake. Na usirambe hata kidole. Ukiramba, mumekula sahani moja. Hamutaachana tena."

Akapika. Mawese yalipochemka macho yalimtoka, mate yakamdondoka kifuani, mafuta yakamtiririka mkononi hadi kwenye kiwiko naye akageuza uso ukutani ili asiuone mkono wake, akatembea na ile sahani, sauti ikimbembeleza ndani ya meno, ramba kidogo tu, mukamwana, ramba, akaiweka kitandani pa marehemu, akafunga mlango, akajifuta mkono kwa majivu.

Nyuma ya mlango, wao pale na mimi kwenye ufa wangu, tukasikia mfyonzo. Mrefu, usio na haraka. Kisha kimya.

Walipofungua, sahani ilikuwa na mifupa tu, imepangwa pembeni kama bibi alivyozoea. Harufu imekwisha. Mama Mapendo akaamuru bugali uletwe. Émérance akakaa karibu na binti yake, akamega tonge moja, la pili, akasukuma sahani. "Nimeshiba," akasema. Léopold akalia kama mtoto.

Hayo yote niliyaona kwa jicho hili. Neno moja tu ni langu, lile la nimeshiba. Nilimtilia mdomoni mwenyewe, kwa kuwa nimechoka kuwaona watu wakikosa usingizi kwa ajili ya hadithi zangu. Ukweli, alimaliza tonge la pili, akaisukuma sahani yake, akanyoosha mkono kwenye ya Bella.