Silabi ya Kwanza

Bi Nakijwa alifungua kinywa akatoa silabi moja tu, "Si...", na mkufu uliozunguka shingo yake ukamalizia, kwa sauti ya mama huyo ya kabla ya kuugua: "Sina neno, wanangu."

Eliamini, mwanawe mkubwa, akatabasamu. "Umesikia, Namsifu? Mama amekubali. Kesho anapelekwa kwenye makao ya wazee."

Namsifu alikuwa mhandisi wa sauti jijini Arusha, na ndiye aliyemletea mama yao mkufu-msemaji baada ya kiharusi. Vihisio vyake hushika mtikisiko wa koo na kutambua silabi ya kwanza, kisha chombo hukisia neno zima, maana mgonjwa huchoka kabla hajafika silabi ya pili. Lakini mama huyu alibishana na watu maisha yake yote, hata na mchungaji. Tangu lini hana neno? Na mbona ameng'ang'ania kiti hivyo?

"Mama, nikuletee uji?"

"Si..." Mkufu ukadakia: "Sina neno, mwanangu."

"Nikumwagie huo uji kichwani?"

"Si..." "Sina neno, mwanangu."

"Acha utani," Eliamini alisema.

"Sitanii, kaka. 'Si' inaweza kuwa sijui, siendi, sitaki. Kwa nini kila mara inakuwa hili moja?"

Akauunganisha mkufu na kompyuta yake, akasoma kwa muda. Jicho dogo la kamera ya mkufu lilikuwa likitazama nyuso za wasikilizaji. Neno lililowafurahisha lilipewa nafasi zaidi; lililowakunjisha uso lilififia. "Sitaki" halikuwamo tena.

"Ulikuwa unakasirika akikataa?" alimuuliza kaka yake.

"Nani asiyechoka? Wewe uko Arusha. Mimi ndiye ninayemgeuza kitandani."

Namsifu akaufungua mkufu shingoni mwa mama yake.

"Bila huo hawezi," Eliamini alisema.

"Tungoje."

Bi Nakijwa akavuta pumzi. "Si." Kikafuata kimya kirefu. Eliamini alitaka kumsaidia, dada yake akamshika mkono. "Ta." Jasho lilimtoka mama kwenye paji la uso. "Ki."

Eliamini aliinamisha kichwa. Mama yake hakuwa amemaliza; midomo ilikuwa ikitafuta tena.

"E," alisema, akimtazama. "Li."

Eliamini akasogeza kiti karibu yake, akangoja.