Safari ya Viti

Asubuhi ile kiti kimoja cha mezani kilikutwa kimelowa, na kila mtu ndani ya nyumba akamsingizia paka. Tatizo ni kwamba nyumba ile haikuwa na paka.

Kilikuwa kile kiti chenye mguu mmoja mfupi, ambacho siku zote hupewa mgeni aliyekuja bila taarifa. Maji yalikuwa yametuama juu yake, ya baridi, na ndani yake palielea jani dogo jeusi lililooza. Mpishi aliyafuta kwa kitambaa, akanusa kitambaa, akakitupa nje ya dirisha.

"Kinanuka pori," alisema.

"Wewe na pua yako," alisema shemeji yake. "Hebu tuletee chai."

Watu wa nyumba ile walikuwa watatu, na wote walikula kwa safari. Waliwapeleka wageni kuona misitu, maporomoko na ndege, siyo miji. Mwenye nyumba alikuwa dereva, na wenzake walimwita Breki kwa sababu aliweza kusimamisha gari zima ili kinyonga avuke. Mke wake aliitwa Mama Ramani. Yeye ndiye aliyepanga njia, na angeweza kukwambia macho yamefumbwa ni daraja lipi lina ubao uliolegea na ni mti gani wanalala ndege hondohondo. Alikuwa pia na mdomo. Breki akiendesha polepole alisemwa, akiendesha kasi alisemwa, na akinyamaza alisemwa kwa kununa. Mpishi alikuwa mdogo wake Mama Ramani, na kazi yake ilikuwa kuwapikia wageni kambini na kuwapatanisha hao wawili barabarani.

Walikuwa na utaratibu wao ambao majirani waliuona ni wazimu. Kabla ya kuwapeleka wageni njia mpya, walisafiri kwanza kwa viti. Walivitoa viti kwenye meza ya chakula, wakavipanga sebuleni kama viti vya gari, Breki akakaa mbele ameshika kifuniko cha sufuria kama usukani, kisha wakaenda kwa mdomo, kona kwa kona, tangu getini hadi getini tena. Kwa njia hiyo waligundua wapi mgeni atatapika, wapi atataka choo, na wapi jua litampiga usoni asione tembo.

Breki alirithi jambo hilo kwa baba yake, naye alikuwa dereva. Pamoja nalo alirithi sharti. Aliyeshuka njiani lazima aitwe apande, na gari lazima lirudi nyumbani lizimwe. Safari ya viti haikatwi katikati. Baba hakusema kwa nini, na Breki hakuuliza. Alilishika tu, kama mtu anavyofunga mlango akitoka.

Basi siku iliyotangulia kile kiti kulowa, walikuwa wakijaribu njia mpya kwa ajili ya wageni wapenda ndege. Ilipanda milima, ikapita ndani ya msitu mnene wenye chemchemi, ikateremka kwenye kinamasi, ikaishia ziwani. Kwa kawaida Mama Ramani hukaa mbele na ramani yake. Siku hiyo alikaa kiti cha mwisho, kile cha mguu mfupi, kwa sababu wageni waliopita walilalamika kwamba nyuma hakusikiki kitu.

"Nyuma tunarushwa!" alilalamika huku akikiyumbisha kiti kwa makusudi. "Dereva, una leseni kweli?"

"Mama mgeni, vumilia. Tumeshaingia msituni. Haya, hapa ndipo chemchemi. Mnaweza kushuka mnywe maji."

Mama Ramani alichomeka kalamu yake nyekundu kwenye nywele, kama alivyozoea akitaka mikono mitupu. Akafumba macho, akashuka garini, akaelekea kwenye korido ili ajue mgeni atatumia muda gani kwenda majini na kurudi.

"Usiniache huko!" alisema kwa mzaha, akapotelea gizani mwa korido.

Hapo ndipo harufu ya kuungua ilipotoka jikoni. Mpishi alipiga ukelele, akaruka viti, Breki akamfuata na kifuniko chake mkononi. Moshi ulikuwa umejaa, maharage yamekuwa mkaa, na Breki alishika sufuria kwa mkono mtupu akacheza ngoma isiyo na jina. Walicheka hadi machozi. Moshi ulipopungua walimwona Mama Ramani amesimama mlangoni mwa korido, anatabasamu.

"Umefikia wapi?" Breki alimuuliza.

"Nimefika," alisema.

Wakavirudisha viti mezani. Breki alikirudisha kile kifuniko juu ya sufuria iliyoungua, na wala hakukumbuka kwamba gari lake lilikuwa bado limesimama msituni.

Baada ya kiti kulowa, ikapotea ile kalamu nyekundu. Kisha Mama Ramani akaacha kusema. Siyo kwamba alikuwa bubu, aliongea vizuri tu, ila hakumsema mtu. Breki alichelewa kurudi, akapokewa kwa "pole na kazi". Alisahau kununua mafuta ya taa, akaambiwa haidhuru. Ukimpa ramani aliitazama kama mtu anavyotazama picha za harusi ya watu asiowajua.

Na ukweli lazima usemwe: Breki aliona raha. Aliwaambia madereva wenzake kijiweni kwamba mke wake sasa amekua, na akalala usingizi mzuri kuliko miaka yote ya ndoa yake.

Mpishi hakulala. Siku moja alimvuta Breki jikoni, akafungua bomba la maji ili sauti yao isitoke.

"Shemeji, dada hali pilipili."

"Labda tumbo."

"Tangu utoto anakula pilipili mbichi kama karanga. Na nyayo zake zinaacha maji sakafuni, hata akiwa ametoka kulala. Halafu…" Alitazama mlangoni. "Koridoni kuna mtu anakohoa."

"Acha hizo."

"Mchana kweupe, shemeji. Anakohoa kile kikohozi cha dada, cha kusafisha koo kabla hajaanza kukusema. Nikienda, hamna mtu. Harufu tu ya majani."

Breki alimcheka, lakini kicheko kilitoka nusu. Tangu siku hiyo alianza kuinusa na yeye, harufu ya udongo usiopata jua, ikipanda kutoka koridoni. Ukuta wa huko ulianza kuota ukungu wa kijani ambao hata ukisuguliwa kwa sabuni asubuhi, mchana umerudi. Wakati mwingine ndege walilia mle ndani, ndege wa msituni, na mke wake alikuwa akiinua kichwa na kutabasamu kila waliposikika.

Alasiri moja mvua ilinyesha na Breki akajilaza karibu na mke wake, na alipokuwa katikati ya kulala na kuamka alisikia kutoka koridoni, mbali kuliko korido ile ilivyo ndefu, kana kwamba kuta zake zimerudi nyuma na miti imeingia katikati, sauti ya mke wake ikiuliza kwa uchovu, "Breki? Mmeshapanda? Mbona siwaoni?", naye akageuka polepole, akamtazama yule aliyelala ubavuni mwake, akaona midomo imefungwa, macho yamefunguka, yanamwangalia, na maji yanachuruzika taratibu kutoka kwenye nywele zake hadi kwenye mto.

"Ni mvua tu," yule mwanamke alisema kwa upole. "Lala, mume wangu."

Mganga waliyemwita alikuja kesho yake kwa pikipiki, ana mafua, na kofia ya chuma hakuivua hadi alipofika mlangoni. Alikuwa mtu wa makamo aliyevaa viatu vya ofisini. Alisikiliza habari nzima uani, mbali na nyumba, akapenga kamasi, akatikisa kichwa.

"Majini wa chemchemi wanapenda sana kusafiri," alisema. "Hawana tu pa kupandia, mpaka mtu aache nafasi wazi. Ninyi mmeacha mlango wa gari wazi msituni mkaenda kula."

"Hatukula, maharage yaliungua," alisema Mpishi.

"Mke wangu yuko wapi?" Breki aliuliza.

"Yuko mlipomshusha. Mtarudi kwa njia ileile mliyoendea. Ukifika chemchemini utamwita. Wataitika wawili. Yule ambaye siye, utamwambia ashuke, kwa neno hilo tu. Kisha rudi nyumbani uzime gari."

"Nitamjuaje? Nimuulize mambo yetu ya ndani?"

"Usiulize swali. Jini anajibu maswali vizuri kuliko mtu. Na usigeuke kutazama koridoni, yeyote anayeitwa kutoka gizani huja na sura ya hofu yako. Msikilize tu. Mimi nitashika mlango, lakini mke ni wako. Mimi simjui."

Wakavipanga viti mchana uleule. Yule mwanamke hakukataa. Alikaa kwenye kiti cha mguu mfupi, ametulia, mikono mapajani. Mpishi alikaa katikati. Mganga alisimama mlangoni mwa korido na chetezo chake, ubani ukifuka. Breki alikamata kifuniko, bado kina madoa meusi ya moshi, akaanza pale alipoachia.

"Tumesimama chemchemini. Injini inaunguruma. Wageni, pandeni tuondoke." Alikaza kifuniko mikononi. "Mke wangu, panda."

Kisha maji yakaanza kusikika, siyo tone bali maji yanayotembea juu ya mawe, na upepo ukatoka koridoni ukapeperusha pazia la sebuleni na kuangusha ramani ukutani, na katikati ya upepo huo, kutoka mbali, ikaja sauti ndogo iliyokwaruza, sauti ya mtu aliyeita hadi koo likakauka, ikisema, "Mume wangu, niko hapa, nichukue, nimechoka, tafadhali nichukue," na Breki alipoisikia ikimbembeleza alisisimka mwili mzima, kwa sababu katika maisha yao yote mke wake hajawahi kumwambia amechoka, wala tafadhali.

Na hapohapo, nyuma yake, kiti cha mguu mfupi kikagonga sakafu kwa hasira.

"We mwanaume! Breki mpaka lini? Wageni wanaliwa na mbu, wewe umeshika kifuniko kama umekufa! Endesha!"

Breki alilia. Alilia kwa furaha, mbele ya mganga na shemeji yake, bila aibu. Lile domo, lilelile. Alijua amerudi.

"Wewe wa huko koridoni, shuka," alisema.

"Shemeji, ngoja," alinong'ona Mpishi. "Ngoja kwanza, wa koridoni amekohoa…"

Lakini Breki alikuwa ameshatia gia. Alitoka msituni, akapita kinamasi, akazunguka ziwa, akarudi kwa mdomo hadi getini, mbiombio, anacheka na kulia. Akazima gari. Koridoni palitoka sauti moja ndefu, ikakatika kama bomba lililofungwa. Ukungu wa kijani ulikauka ukutani wakiutazama. Mganga alipenga kamasi, akaangalia sakafu kavu, akasema kazi imekwisha.

Mpishi alifungasha nguo zake jioni ileile. Hakutaka kusema sababu. Alimkumbatia Breki mlangoni, lakini kwa dada yake hakusogea.

Siku ya safari yenyewe ilifika na hali ya hewa ilikuwa nzuri ajabu. Wageni walikuwa watu wazima wachangamfu, darubini shingoni, wanashangilia kila kunguru. Mke wake alikaa mbele, ramani magotini. Alimsema Breki kwenye kona ya kwanza. Alimsema kwenye daraja. Maneno yalikuwa yaleyale ya siku ile sebuleni, yakirudiwa kwa mpangilio uleule, na Breki alijitahidi asilitambue hilo. Wageni walicheka, naye akacheka nao.

Walipoingia msituni ubaridi ulijaa ndani ya gari. Breki alipunguza mwendo, kwa kuwa kwenye mpango chemchemi ilikuwa kituo.

"Usisimame," alisema mwanamke aliyekaa pembeni yake.

"Lakini ndivyo tulivyopanga. Wewe mwenyewe ulipanga."

"Usisimame, mume wangu." Sauti ilikuwa imerudi kuwa ya upole.

"Dereva," aliita mgeni mmoja kutoka nyuma, ameshika darubini. "Kuna mama pale mbele, kando ya barabara. Hana viatu. Nadhani anataka lifti."

Breki alimwona. Gauni lilikuwa lile la siku ya viti, limechakaa na kujaa matope hadi magotini, na miguu ilikuwa imechubuka. Amekonda sana. Nywele zake zilikuwa zimejaa majani, na katikati ya majani hayo ilichomekwa kalamu nyekundu.

Alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Pedali haikushuka. Alitazama chini, akaona mguu wa yule wa pembeni yake, mweupe kwa kulowa, wa baridi, umepitishwa chini ya pedali na kuikinga, maji yakichuruzika kati ya vidole. Gari likaendelea kwa mwendo uleule wa taratibu. Harufu ya majani yaliyooza ikajaa hadi nyuma, na wageni wakafungua madirisha wakiusifu msitu.

Walimpita karibu kiasi kwamba mkono wake uligusa kioo. Breki alitazama kwenye kioo cha pembeni. Mwanamke yule alikuwa ameingia katikati ya barabara, mikono kiunoni, anamsema. Hakuisikia sauti, lakini aliona midomo inavyokwenda, aliona kidole kinavyonyooshwa, akayajua maneno yote, moja baada ya jingine, hadi kona ilipomficha.