Mgeni wa Sura ya Tatu

Jua lilikuwa linazama mwandishi alipokwenda kwa mchapaji wa kona kuchukua rasimu ya riwaya yake. Rasimu yenyewe ilikuwa vurugu tupu. Mjomba aliyezikwa sura ya pili alionekana sura ya saba akinywa chai, na mvua ilinyesha wiki nzima bila mtu hata mmoja kulowa. Lakini mhariri aliitaka kesho yake, na mhariri huyo hakuwa mtu wa kubembelezwa.

Mchapaji alimkabidhi karatasi zikiwa bado na joto. Hakutania kama kawaida yake.

"Dada, unisamehe, nilichungulia kidogo. Yule mgeni anayebisha hodi sura ya tatu... alifunguliwa?"

Mwandishi akaangua kicheko. "Yule? Nilimsahau palepale mlangoni, maskini!"

"Basi mfungulie," mchapaji akanong'ona. "Au mfute kabisa. Mtu haachwi hivyo."

Nyumbani, wifi yake aliyekuwa akimwangalia mtoto alikuwa ameshavaa viatu. "Mwanao kalala, wifi. Homa imeshuka. Acha nikimbie kabla ya mvua."

Mwandishi akatia komeo, akaketi mezani na kalamu nyekundu. Alikuwa na mazoea ya kuhariri kwa sauti. Jicho huyazoea makosa yake, lakini sikio halioni haya kuyasema.

Akasoma: "Mgeni akabisha hodi."

Ngo. Ngo. Ngo.

Akainua kichwa. Nje mvua ilikuwa imeanza. Bila shaka wifi kasahau kitu, akajiambia.

"Hodi..."

Haikuwa sauti ya wifi. Ilikuwa ya mwanamume, ya chini, iliyochoka. Na chini ya mlango ikapenya harufu ya jivu lililolowa maji. Nywele zikamsimama. Harufu ile aliijua. Aliibuni mwenyewe, asubuhi moja, huku akitafuna mkate.

"Nani?"

"Unaniuliza mimi? Hukunipa jina. Umeniacha mvuani tangu ulipoanza kuandika, mama."

"Unataka nini?"

"Hata hilo hukulimaliza. Malizia sentensi... nijue nimemfuata nani."

Akaitazama karatasi. Ni kweli. "Nimemfuata," ndivyo alivyosema mgeni, kisha nukta tatu. Siku ile maziwa yalifurika jikoni, akakimbia, na aliporudi akaanza sura nyingine.

Ndani ya nyumba ile ya hadithini hakumweka mtu ila mtoto mmoja. Na kwa uvivu wa rasimu ya kwanza, mtoto huyo alikuwa binti yake mwenyewe kwa kila kitu, kuanzia pengo la mbele hadi kupenda kulala na soksi. Aandike nani? Hata akimtaja mtu baki, huyo naye ana mama yake.

Komeo likatikisika.

"Malizia..."

Akaikamata kalamu, akaufuta ukurasa mzima. Mvua, hodi, sauti, harufu, mlango, komeo, vyote akavipitishia wino mwekundu mpaka karatasi ikachanika.

Kimya.

Harufu ikatoweka. Mwandishi akacheka peke yake huku machozi yakimtoka, akamwombea mchapaji wa kona kila la heri. Kisha, kwa mazoea tu, akasoma kwa sauti ili asikie kama hadithi inaungana vizuri baada ya kukatwa.

Ukurasa uliotangulia uliishia hivi: "Mgeni akaiona taa ya nyumba, akaharakisha."

Ukurasa uliofuata ulianza hivi: "Chumbani, mtoto akafumbua macho."

Akarudia, polepole. Kati ya mgeni na mtoto hapakuwa na mlango tena.

"Mama," binti yake akaita kutoka chumbani, kwa adabu aliyofundishwa. "Mgeni amelowa. Nimpe taulo langu?"