Jiko Lenye Mlango wa Nyuma

"Hapa njo salon, pa kupokea wageni," alisema Vainqueur, akiusukuma mlango kwa madaha ya mtu aliyezaliwa humo. "Iko nafasi ya viti kumi na mbili, shangazi. Tukibanana, hata ishirini."

Shangazi Godelive hakuingia mara moja. Alisimama kizingitini, akaitazama sakafu ya vigae iliyong'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa, kisha akaitazama miguu yake.

"Nivue viatu?"

"Aa, hapana, shangazi! Ni kwetu."

"Kwenu," alirudia Godelive polepole, kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani.

Nadège, binti wa marehemu kaka yake, alisimama nyuma yake akiwa amekumbatia mkoba. Alikuwa mshonaji wa nguo katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi, na Vainqueur, fundi wa kujenga na kupanga vigae, alikuwa mchumba wake wa miaka miwili. Desturi waliyotoka nayo Fizi, huko Kongo, haikuwafia njiani: kabla ya siku ya ndoa kutajwa, upande wa binti humtuma mtu mzima akaone mahali atakapoishi mtoto wao. Mtu huyo akiridhika, mchungaji huarifiwa. Asiporidhika, mahari hurudi ilikotoka. Jumamosi hiyo mtu huyo alikuwa Godelive, aliyefundisha shule ya msingi kwa miaka ishirini kabla ya vita, na mahali alipoletwa palikuwa mtaa wa Area 18, mjini Lilongwe.

"Sasa nisome mi mwenyewe," alisema Vainqueur, akitoa mfukoni daftari dogo lenye jalada la bluu. "Vyumba vine: iko. Salon kubwa: mmeiona. Jiko lenye mlango wa nyuma. Njooni!"

Wakamfuata jikoni. Vainqueur akaufungua mlango wa nyuma, akaufunga, akaufungua tena.

"Unaona, sheri wangu? Mlango wa nyuma!"

"Naona," alisema Nadège. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ni muzuri."

"Na maji ya kuonekana dirishani, ulisema. Angalia pale."

Nadège akachungulia. "Ile ni tangi, Vainqueur."

"Lita elfu mbili!"

Godelive alipitisha kidole juu ya jiko la umeme, akakitazama. Hapakuwa na mafuta, wala masizi, wala vumbi la unga.

"Kijana, nani amekupa ruhusa ya kuishi mjini? Sisi wengine tunajua kwamba mkimbizi anaishi kambini."

"Patron wangu, aliyetupa nyumba hii, atapanga na makaratasi, shangazi. Ananipenda sana."

"Na kupika, anakupikia yeye? Nyumba hii haijawahi kunusa chakula."

Vainqueur alicheka kicheko kilichokatika katikati. Kisha, ili kuyageuza mazungumzo, akampa Nadège simu yake.

"Tupige picha, mi na shangazi, hapa mlangoni. Shangazi, cheka kidogo."

"Nitacheka nikipata sababu."

Nadège aliinua simu. Kabla hajabonyeza, ujumbe uliteremka juu ya kioo. Ulikuwa wa Kichewa, lakini yeye alikuwa amewashonea wanawake wenyeji wa Madisi, mji wa jirani na kambi, kwa miaka tisa, na aliuelewa wote. Akausoma kwa sauti, akiufasiri neno kwa neno:

"Fundi, wapangaji wanakuja saa nane kuiona nyumba. Toa ndoo zako na simenti iliyobaki. Funguo muachie mlinzi. Asante."

Nje, mlinzi alikuwa akipiga mluzi wa wimbo wa kanisani.

"Fundi huyo ni nani?" aliuliza Godelive, ingawa alijua.

"Ni mi, shangazi."

"Na wapangaji?"

"Batu bengine."

Godelive aliufunga mlango wa nyuma kwa upole, kama mtu anayefunga kitabu cha mwanafunzi aliyeshindwa mtihani.

"Nimeletwa kuona nyumba, nimeonyeshwa vigae. Nadège, tangulia."

*

Ili uongo huo ueleweke, ni lazima kusimulia habari za Alhamisi.

Kila Alhamisi alasiri, Nadège alifunga cherehani yake na kwenda katika saluni ya kusuka nywele ya Arlène, rafiki yake, penye televisheni. Saa hiyo huonyeshwa kipindi cha ng'ambo: mume na mke hutaja fedha walizo nazo na nyumba wanayoitamani, kisha huonyeshwa nyumba tatu ili wachague moja. Daima tamaa yao huwa ndefu kuliko mfuko wao, na saluni nzima huwasema.

"Pesa ya banda, roho ya ikulu!" Arlène alikuwa akipiga kelele, sega mkononi.

Nadège, yeye, alizungumza na televisheni kana kwamba inasikia. "Jiko gani hili bila mulango ya nyuma? Salon ndogo hivi, batu bataimbia wapi? Na maji? Dirishani hauoni hata maji!"

Vainqueur, aliyekuja kumsindikiza, aliketi karibu na mlango, akisikiliza na kuandika. Miezi mitano aliandika. Kadiri daftari lilivyojaa, ndivyo usingizi ulivyompungua.

*

Kwa siku tatu baada ya safari ya Area 18, simu ya Nadège haikunyamaza.

"Sheri, nisamehe."

"Nadège, nijibu. Hata ukinitukana ni sawa."

Jumanne akajibu: "Baada ya ndoa ungenipeleka wapi?"

Jibu lilikawia. Kisha: "Ningesema patron amegeuza mawazo."

"Kumbe uongo wa pili ulishauweka tayari na wa kwanza haujapoa!"

Hakuandika tena. Nyumbani, Godelive alikuwa akiwapa mbuzi watatu wa mahari maganda ya mihogo.

"Washibe," alisema. "Jumapili wanarudi kwao."

"Shangazi, tungoje kidogo."

"Tungoje nini? Mtu anayekudanganya mahali utakapolala, mwanangu, atakudanganya na alikolala yeye."

Maneno hayo Nadège alikuwa amekwisha kujiambia mwenyewe.

Alhamisi alikwenda kwa Arlène kwa mazoea tu. Televisheni ilikuwa imezimwa. Arlène alimtazama, akafuta mikono yake, akatoa daftari la bluu kwenye droo.

"Ameliacha hapa. Ameniambia nilichome moto. Mi sichomi vitu vya batu. Choma we mwenyewe."

Nadège alilifungua akiwa bado amekasirika. Mwandiko ulikuwa wa fundi, mkubwa na wenye mistari iliyonyooka.

*Jiko liwe na mlango wa nyuma. Salon ya kuimbia. Vyumba vya wageni, vingi. Maji yaonekane dirishani. Kuta nyeupe, chini nyekundu. Ngazi mbili za kuketi mbele ya mlango. Mti wa mapera, si maua.*

Aliisoma mara moja. Aliisoma tena. Mara ya tatu alishindwa kufika mwisho.

"Unalia nini?" aliuliza Arlène. "Ni jumba ya batajiri ulikosa?"

"Arlène, hii si jumba ya batajiri."

"Ni nini basi?"

"Ni kwa mama."

*

Alimkuta Vainqueur Ijumaa asubuhi nyuma ya kanisa la kambini, kando ya kuta alizoanza kuinua, akifyatua matofali, suruali imekunjwa hadi magotini. Vainqueur alisimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa jina lake.

"Nani alikuambia mi nataka nyumba ya Area 18?"

"Wewe! Kila Alhamisi! Ile ya dola laki tatu ulisema jiko ni baya. Mi nikawaza, kama hiyo haimufai, ataingia namna gani kwenye nyumba yangu ya udongo?"

"Keti, Vainqueur."

Akaketi juu ya tofali. Nadège alibaki amesimama.

"Nyumba ya mama, kule Mboko, ilikuwa ya udongo. Majani juu. Jiko lilikuwa na mlango wa nyuma kwa sababu majirani walipitia pale kuomba moto asubuhi. Walikuwa hawabishi hodi. Unaamka, unakuta mama Fidès ameshachukua kaa lake, na ameshakuachia habari za kijiji kizima. Salon, kwaya ilifanya mazoezi pale kila Jumamosi. Wageni walilala chini, kichwa huku, miguu kule. Na dirisha, ukilifungua, unaona ziwa. Mama aliweza kukuita kutoka pale ukiwa unaoga, na unamusikia."

Upepo ulileta harufu ya tofali linalochomwa.

"Mi nikiangalia ile televisheni siangalii nyumba zao. Natafuta yetu. Najua sitaiona. Lakini natafuta."

Vainqueur aliitazama mikono yake yenye tope.

"Kwetu Uvira tulipanga chumba kimoja, kila mwaka kingine. Mi sikujua mutu anaweza kulilia jiko. Ungeniambia."

"Na we ungeniuliza. Uliandika miezi mitano, hauna hata swali moja!"

"Niliogopa jibu."

"Basi leo usiogope. Sema kama wale ba televisheni. Uko na nini?"

"Niko na matofali mia nane. Bati ine. Mulango moja ya mbao, bado nzima. Na hii pahali tumesimama."

"Na unataka nini?"

"Wewe."

"Hiyo si nyumba, Vainqueur."

"Sina ingine kwenye orodha."

Nadège aligeuza uso ili asionekane akitabasamu. Bado alikuwa na hasira, na alikusudia kuitunza siku mbili zaidi.

"Jumapili, baada ya ibada, shangazi anarudisha mbuzi. Nitamupitisha hapa kwanza. Ukimudanganya hata kwa kidole, usinitafute tena."

*

Godelive alikuja akiwa amevaa kitenge cha kanisani, na kamba za mbuzi watatu mkononi. Aliona kuta zinazofika kiunoni, vigingi vinne ardhini upande ambao haujajengwa, na kamba ya fundi iliyofungwa kutoka kigingi hadi kigingi.

"Nionyeshe," alisema.

Vainqueur aliivuka kamba. "Hapa ni chumba, shangazi. Hapa ni salon, ndogo. Jiko bado halijakuwa. Bati ine tu. Mlango utakaa hapa. Wa nyuma sina, lakini nitauacha wazi, niweke gunia kwanza."

"Uongo uko wapi leo?"

"Umeisha, shangazi."

Godelive alizunguka kuta zile pande zote, taratibu, akiugusa udongo kwa ncha za vidole. Aliporudi, hakumtazama kijana. Alitazama mbali.

"Kaka yangu alipotaka kumwoa mama yake huyu, watu wao walikuja kuona nyumba. Mimi nilikuwa msichana, nilikuwa napika. Nyumba yenyewe ilikuwa miti mitupu, hata haijakandikwa. Nilijificha kwa aibu. Bibi yao mmoja, mkali kama pilipili, alimwuliza swali moja tu." Akamgeukia Vainqueur. "Nami nakuuliza lile lile. Mimi nikija kuwatembelea, nitalala wapi?"

Vainqueur aliutazama ukuta wa kushoto, kisha wa kulia. Nadège alifumba macho.

"Hakuna pahali, shangazi. Nilipima ya batu babili."

Mbuzi mmoja alianza kuitafuna kamba ya fundi. Godelive akamvuta, akamkabidhi Nadège kamba zote tatu.

"Kaka yangu alijibu vilevile. Na jasho lilimtoka vilevile."

Aliinama, akazungusha kigingi cha pembeni mpaka kikang'oka. Akahesabu hatua: moja, mbili, tatu, nne. Hapo akakichomeka, akaokota nusu tofali, akakigongelea mwenyewe.

"Shangazi," alisema Vainqueur, "matofali hayatatosha."

"Nimekuuliza matofali? Mvua ni mwezi wa kumi na moja. Mtaoana wa nane. Nadège anavyo viganja, wewe unavyo, na mimi sijafa."

"Na mbuzi, shangazi?" aliuliza Nadège. Machozi yalikuwa yamemfika kidevuni.

"Wamekunywa maji yangu siku zote hizi. Nimeshawazoea."

Kisha akapiga makofi mawili, kama zamani mbele ya darasa.

"Haya, mkwe! Vuta kamba."

Vainqueur aliikimbilia ile kamba, akaivuta kwa nguvu zake zote.

"Taratibu!" alifoka Godelive. "Utanipindishia chumba changu."