Haja Yoyote, Nijulisheni

Barua ya Zahoro Mwishehe ilijibiwa siku ileile aliyoiandika. Asubuhi alimpa dereva wa lori la Dar es Salaam aitie posta; alasiri, alipotoka kuswali, akakuta jibu juu ya kaunta ya duka lake, limekaa katikati kabisa. Muhuri wa posta ulikuwepo, ila wino wake ulikuwa bado mbichi na ukampaka dole gumba.

Mtu mwingine angeshtuka. Zahoro alifurahi, na mimi simlaumu sana, maana kusubiri kulikuwa kumemchosha. Mwaka mzima, tangu 1951, alikuwa akimwandikia wakala mmoja wa mjini amwagizie mashine ya peremende: ile ya chuma, unatumbukiza senti kumi yenye tundu, unavuta kidroo, pakiti inatoka, muuzaji hayupo. Duka lake lilikuwa Kibaha, ukingoni mwa barabara ya Morogoro, mahali malori yanaposimama kupoza injini, na alikuwa na hakika madereva wataipenda. Wakala alijibu mara moja tu, kwamba meli bado. Baada ya hapo, kimya. Kila Zahoro alipoandika kuuliza, ni kama aliandikia kisima.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," alimwambia mkewe Biasha, na akakunjua kipande cha gazeti kilichofungia sukari. Palikuwa na tangazo. *Mashine za kila aina. Hatucheleweshi. Mteja kwetu ni bwana.* Chini yake paliandikwa sanduku la posta, bila namba na bila mji. Hao ndio aliowaandikia, na ndio waliomjibu siku ileile kwamba mashine inakuja.

Sasa sikilizeni kosa lake lilipokuwa. Zahoro alisoma shule ya serikali pale Kisarawe, na Matano, karani wa bomani, alimfundisha kwamba barua ya biashara haianzi kwa Bismillahi wala kwa salamu za ukoo mzima. Wazungu hawana muda huo. Basi akakata kichwa cha barua. Mkia ukamshinda. Mkono wake ulizoea barua za nyumbani tangu utotoni, ukaandika wenyewe pale mwisho: "Nanyi mkiwa na haja yoyote kwangu, nijulisheni, itatimia bila kuchelewa." Nani kwetu hajaandika hivyo? Ni adabu tu. Sijapata kusikia mtu aliyejibiwa kwamba haja ipo.

Siku ya tatu mashine ilikuwa barazani. Hakuna aliyesikia lori, na mbwa wa jirani, aliyezoea kubwekea hata kuku, alishinda amejikunyata nyuma ya choo akitetemeka. Ilikuwa mashine nzuri, nyekundu, yenye kioo, kimo chake kikimfikia mtu mzima kifuani. Ilinukia udi. Chini ya udi palikuwa na harufu nyingine, ya nywele zilizoungua.

"Bwana, tangu lini chuma kikafukizwa udi?" Biasha aliuliza. Alikuwa na mimba ya miezi sita. Mbili za kwanza ziliharibika changa, na hii ndiyo waliyokuwa wakiiogopea kama watu wanaotembea kwa ncha za vidole, wasithubutu hata kununua kanga ya kumpokelea mtoto.

"Hao ndio wanaojua kumpokea mteja," Zahoro akasema. "Wewe mtu wa Pangani mambo ya mashine utayajulia wapi?" Alikuwa akimtania kila siku kwa Pangani yao hiyo ya hapohapo Kibaha, kama vile yeye alizaliwa London. Biasha hakucheka.

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa raha. Madereva walitumbukiza senti mpaka vidole vikachoka. Siku moja Zahoro alisema kwa sauti, bila kumkusudia mtu, "Peremende zimebaki chache," akaingia ndani kunywa maji. Alipotoka, kasha jipya lilikuwa mlangoni. Mara nyingine alinung'unika kwamba kioo kina ufa, na alipogeuka ufa haukuwepo. Akawasifia wauzaji wake kwa kila aliyepita. Haraka haraka haina baraka, sote tunajua, lakini mtu aliyengojeshwa mwaka mzima methali hiyo huiweka mfukoni.

Kisha mchana mmoja, jua likiwa utosini, Biasha alikuwa barazani akichambua mchele. Akajisemea, kama wajawazito wanavyojisemea, "Natamani udongo wa kichuguu cha kwetu, kile cha nyuma ya kaburi la mama." Hakutumbukiza senti wala hakugusa kitu. Kidroo kikatoka chenyewe, polepole, kikasimama mbele yake. Ndani palikuwa na bonge la udongo mwekundu ndani ya karatasi ya peremende, na mchwa watatu wakitembea juu yake, hai.

"Ukafanyaje?" Zahoro alimwuliza alipomkuta analia.

"Nikala." Biasha alinong'ona, macho yake kwenye mashine. "Nilikula kabla sijajua kama ninakula. Na ulikuwa wenyewe, bwana. Mimi naujua udongo wa kwetu."

Zahoro akaogopa. Akaogopa kweli, akakaa chini palepale kwenye pumba za mchele.

Tangu siku ile ikawa kila adhuhuri, wakati barabara imenyamaza na hata kunguru wametafuta kivuli, senti zinasikika zikianguka tumboni mwa mashine moja moja, tang, tang, na hakuna mtu barazani, na kila senti inapoanguka mtoto anacheza tumboni mwa Biasha, mara moja, kama anayeitika, mpaka mama akawa anaziba masikio asihesabu, na bado anahesabu, kwa kuwa mwili wake ndio unaohesabiwa.

Zahoro akamwomba dereva mmoja aichukue mashine akaitupe mbali, ng'ambo ya Mlandizi. Waliipakia watu wanne. Lori likaondoka, vumbi likatulia, Zahoro akashusha pumzi, akageuka kuingia dukani. Mashine ilikuwa barazani. Juu yake palikuwa na bahasha.

*Mteja wetu mpenzi. Mashine yako ilipotea njiani. Tumekurudishia bila malipo.*

Alikuwa bado ameishika mkononi alipoona kuna ukurasa wa pili.

*Tumeihifadhi barua yako njema, uliposema tukiwa na haja yoyote kwako tukujulishe, nayo itatimia bila kuchelewa. Tunakujulisha kwamba tunayo haja. Nyumbani mwako kuna mzigo. Ijumaa adhuhuri utafunguliwa, nasi tutaupokea. Gharama za safari ni juu yetu.*

Siku hiyo ilikuwa Jumanne, na mimba ilikuwa ndiyo kwanza inaingia mwezi wa nane.

Zahoro hakumwambia mkewe. Alimpeleka nyumba ya jirani, akapanda baiskeli, akakata njia za mashambani hadi Msimbu kwa shangazi yake, Bi Mwamvita, ambaye watu wa upande wa Kisarawe walimwendea kwa mambo ya majini. Alimkuta akianika mihogo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekuja na harufu?"

Alimweleza yote. Bi Mwamvita aliendelea kugeuza vipande vya mihogo, kimoja kimoja, mpaka Zahoro alipofika kwenye barua aliyoiandika yeye mwenyewe.

"Nitajie mwanzo wake."

"Haukuwa na mwanzo, shangazi. Niliambiwa barua za biashara hazina Bismillahi."

"Na mwisho?"

Zahoro akamsomea mwisho, kama walivyounukuu katika jibu lao. Bibi akaacha mihogo.

"Umemwita asiyejulikana bila jina la Mungu, ukamwambia akitaka chochote aseme?"

"Lakini kila mtu huandika hivyo!"

"Wanawaandikia watu, Zahoro! Mtu anajua hapo hakuna ahadi, ni heshima tu. Hawa heshima yetu hawaijui. Wanashika neno." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Ahadi ni deni, na jini hasamehi. Ukikaa kimya, umekubali. Lazima uwajibu kwa barua vilevile."

"Niwajibu nini?"

"Kwamba mtoto si wako wa kumtoa. Ni amana ya Mungu, tena bado yumo kwa mama yake. Hapo hawana la kusema." Akamtazama mpwa wake kwa huruma iliyomtisha Zahoro kuliko maneno yote. "Ila ahadi itabaki pale pale. Watakuuliza, basi kilicho chako wewe ni kipi."

Zahoro akainuka, akaishika baiskeli. Alimpakia shangazi nyuma ya baiskeli, wakarudi Kibaha.

Alhamisi Bi Mwamvita alifukiza ubani nyumba nzima, akaandika kombe, aya kwenye sahani kwa zafarani, akaliosha kwa maji na kumnywesha Biasha, aliyerudi kutoka kwa jirani. Mashine ikatulia. Hata harufu ilipungua, mbwa wa jirani akatoka akanywa maji, na Biasha akalala usingizi kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili. Zahoro alimtazama akilala. Alitaka sana kuamini kwamba yamekwisha.

Ijumaa, kabla mwadhini hajapanda, uchungu ukamshika Biasha.

"Bado, shangazi, bado! Miezi haijafika!" alilia ndani, na Bi Mwamvita akafunga mlango wa chumba, na huko dukani Zahoro akasikia senti zikianza, tang, tang, si moja moja tena, zikimiminika kama mtu anayemwaga gunia, na udi ukajaa mpaka macho yakamchoma, na chini ya udi zile nywele zilizoungua, na kidroo cha mashine kikaanza kutoka, kikatoka zaidi ya urefu wa mashine yenyewe, kirefu, kipana, kikiwa kimetandikwa kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri, cha kumpokelea mtoto, kile ambacho wao wenyewe waliogopa kununua.

Zahoro akachukua karatasi. Safari hii mkono hakuuachia uandike wenyewe. Akaanza kwa Bismillahi. Akaandika kwamba mtoto ni amana ya Mungu na mama yake ni mwana wa watu, hakuna aliye mali yake. Akaisukuma barua kwenye tundu la senti.

Senti zikanyamaza. Ndani Biasha alikuwa akipiga kelele. Kipande cha karatasi ya peremende kikaanguka miguuni pa Zahoro, wino mbichi.

*Mteja wetu mpenzi. Kilicho chako ni kipi?*

Nasikia watu wengine, wakisimuliwa hadithi hii, husema wangekimbia. Pengine. Zahoro alisikiliza sauti ya mkewe upande wa pili wa ukuta, akaona woga wake hauna pa kwenda. Alivua makubazi, kama mtu anayeingia msikitini. Akaandika neno moja, *Mimi*, akalitumbukiza.

Bi Mwamvita alisikia kidroo kikifungwa. Papo hapo mtoto akatoka, mdogo mno, lakini akilia kwa hasira. Alikuwa msichana. Bibi alimfunga kwenye kanga yake mwenyewe, akamlaza kifuani kwa mama, akaenda dukani kumpa baba habari njema. Barazani palikuwa na alama nne za miguu ya chuma na jozi ya makubazi. Akayaokota, akayaficha ndani ya kanga, na ikamchukua siku arobaini kupata ujasiri wa kumwambia Biasha ukweli.

Mtoto akaitwa Mwanajuma kwa siku yake. Biasha akarudi kwao Pangani kwa baba yake, na duka likauzwa. Mwanajuma akanenepa, akaota meno mawili, akajifunza kukaa. Alasiri moja mzee alikuwa shambani, na Biasha amekaa ndani na mwanawe kwenye mkeka, mlango umeegeshwa kwa ajili ya vumbi. Mtoto alikaa bila kushikwa, akajipigia makofi. Biasha akacheka, na katika kucheka likamponyoka.

"Laiti baba yako angekuona."

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya Zahoro. Haikuwa sauti ya kufanana naye. Ilikuwa yake, pamoja na kile kikohozi kidogo alichokuwa nacho siku za vumbi. Hapakuwa na hatua za miguu kabla yake. Udi ukaanza kupenya chini ya mlango.

Mwanajuma akageukia mlangoni, akanyoosha mikono yote miwili.

"Hodi, Biasha. Wameniruhusu nimwone mara moja. Nimesimama juani, mke wangu."

Tangu alipojifunza kusema utotoni, Biasha hakuwahi kuacha hodi bila jibu. Hakuna kwetu anayeweza. Neno *karibu* lilikuwa limeshafika kooni, linakuja lenyewe, akakumbuka kwamba wale hushika neno, akajaza upindo wa kanga kinywani, akang'ata, akamkumbatia mwanawe kwa nguvu hata mtoto akalia, na machozi yakamtiririka Biasha mwenyewe, kwa kuwa alimpenda mume yule, na alimtaka, na alijua fika kwamba aliye nje pengine ni yeye kweli.

"Hodi," ikasema mara ya tatu, kwa upole, kama mtu aliyechoka asiyetaka kusumbua.

Biasha akang'ata kanga mpaka udi ulipokwisha chumbani. Hakumweleza baba yake wala Bi Mwamvita. Kesho yake, saa ileile, alimkalisha Mwanajuma kwenye mkeka mbele ya mlango, akamtengeneza nywele, akakaa naye kuingoja hodi.