Mwaka Mmoja wa Nuru

"Umekuja kufanya nini hapa?"

Aliniuliza hivyo mlangoni mwa jumba la nyota, saa nne asubuhi, mkononi ameshika vishina vya tiketi. Hata salamu hakunipa. Miwani yake ilikuwa imefungwa selotepu pembeni, na mimi fundi wa miwani nikaona aibu, maana ile nzuri alikuwa ameniachia niitengeneze.

"Mwaka umeisha," nikamwambia.

"Mwaka gani?"

"Ule uliousema. Leo ndiyo siku yake."

Alinitazama kama mtu aliyeletewa swali la mtihani ambalo hakulisomea. Kabla hajafungua mdomo, nyuma yangu wakaingia mafundi cherehani wa chama kimoja, wote wanawake, kama arobaini, na kelele zao. Akaniambia nikae popote, tutaongea baadaye. Dada wa tiketi akanipitisha bure, akinitupia jicho la pembeni.

Niwaeleze kidogo tulikotoka, msije mkanihukumu mapema.

Kazi yake ni kuwaonyesha watu anga. Ndani ya lile jumba la duara kuna projekta inayomwaga nyota kwenye dari, kwa hiyo asubuhi kweupe unakaa gizani na mbingu nzima iko juu yako. Tulijuana alipoleta miwani dukani kwetu. Nikamuuliza anaona vibaya mbali au karibu, akajibu kwamba mbali sana anaona vizuri tu, ni karibu ndiko kunakomshinda. Nikacheka, na mambo yetu yakaanzia hapo.

Kicheko hicho hicho ndicho kilichokuja kuniponza. Mwaka mmoja nyuma nilimpeleka nyumbani akajitambulishe kwa baba. Alivaa shati lililonyooshwa pasi mpaka mikono ikawa na makali. Baba akamuuliza kazi yake, naye akaeleza vizuri kabisa, sayari, darubini, umri wa nyota. Baba akanywa maji, akaweka glasi chini.

"Kumbe wewe ni mnajimu," akasema. "Basi nipigie ramli, uniambie huyu binti utamlisha nini."

Nami nikacheka. Hilo ndilo kosa langu, sitalificha. Kilinitoka kwa woga, si kwa dharau, lakini yeye woga hakuuona, aliona meno. Akaaga kwa adabu zote akaondoka. Jioni ile ikaingia meseji yake:

"Usinipigie. Kati yangu na wewe sasa kuna mwaka mmoja wa nuru."

Jamani, mimi nasaga lenzi, mambo ya anga sikuyasomea. Nilisoma "mwaka", nikaona muda. Nikasoma "nuru", nikaona heri. Nikajua mpenzi wangu amekasirika, anataka tukae mwaka mzima bila kusumbuana, moyo upoe, halafu mambo yawe meupe. Niliona ni uungwana mkubwa kwa mtu aliyechekwa. Nikaizungushia tarehe ile wino mwekundu kwenye kalenda ya dukani.

Na mwaka wenyewe sikukaa bure. Nilimganda baba kila tulipokaa mezani, nikimfafanulia kwamba mnajimu anakuambia nyota zitakufanyia nini, mwanafalaki anakuambia nyota ni kitu gani. Mwanzoni alitia pamba masikioni. Mwezi wa tano akaniuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, kama ni kweli jua nalo ni nyota. Mwezi wa nane nikamkuta uani magharibi imeingia, anaitafuta sayari ya Zuhura angani. Katikati ya hayo mwenye duka la vioo la jirani akanichumbia, nikamjibu kwamba nina mtu wangu na tumepeana mwaka.

Sasa nikawa nimekaa kwenye kiti cha kuegemea mle jumbani, taa zikazimwa, nyota zikajitokeza moja moja hadi dari likapotea. Sauti yake ikashuka kutoka gizani, ile ile, ya taratibu. Nikajiona naelea. Alituambia kwamba nuru hukimbia kilomita laki tatu kwa sekunde moja, kwamba nuru ya jua hutumia dakika nane hivi kutufikia, na kwamba nyota ya karibu zaidi baada ya jua iko zaidi ya miaka minne ya nuru kutoka hapa. Mama mmoja aliyekaa kando yangu, futi ya kupimia bado iko shingoni, akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Mwaka mmoja wa nuru una siku ngapi?"

Nikatega sikio, maana hata mimi sikuwahi kujiuliza.

"Hauna siku, mama. Mwaka wa nuru si muda, ni umbali. Ni kama kilomita trilioni tisa na nusu. Hakuna chombo cha binadamu kilichowahi kuufikisha hata nusu."

Wenzake wakamcheka. Mimi nilibaki nimelala pale, nyota zote juu yangu, nikaelewa kwamba niliachwa. Niliachwa tangu mwaka jana, na meseji ya kuachwa nikaiwekea wino mwekundu kwenye kalenda. Machozi yakanijaa, nikashukuru kwamba kuna giza.

Na sauti juu yetu nayo ikakatika. Projekta iliendelea kuzunguka, nyota zikatembea bila maelezo. Nadhani ndipo naye alipong'amua nilichomwambia mlangoni.

"Mwalimu," nikasema. "Na mimi nina swali. Nuru yenyewe ikiondoka leo kwenye umbali huo wa mwaka mmoja, inafika lini?"

"Baada ya mwaka mmoja," akajibu kwenye kipaza sauti.

"Haichelewi?"

"Haichelewi. Wala haiwahi."

"Basi mimi niliondoka siku ile ile uliyonitumia meseji. Nimefika leo."

Mama wa futi akanong'ona, mnong'ono wa kusikika jumba zima, kwamba mwalimu ashuke mwenyewe au watamfuata. Akashuka. Nikasikia goti likigonga ngazi, kisha mikono ikipapasa viti. Mtu anajua kila nyota ilipo, safu ya viti inamshinda. Akakaa upande wangu wa pili.

"Nilidhani utaniuliza maana yake," akasema polepole, ila kipaza sauti kilikuwa bado kimebanwa shatini na kila mtu akasikia. "Nilisubiri wiki mbili uulize. Hukuuliza, nikajua umekubali tuachane."

"Nilikubali kusubiri. Na kile kicheko unisamehe. Nilimwogopa baba, nikakuacha peke yako pale."

"Kiliniuma sana."

"Najua. Lakini mbona uliandika mwaka mmoja tu? Si ungeandika minne, kama hiyo nyota yako?"

"Minne niliiandika, nikaifuta," akasema. "Niliiona mbali mno."

Hapo nikalia waziwazi. Nikafungua mkoba, nikatoa miwani yake, ile nzuri, nikamvua ya selotepu na kumvisha kwa kupapasa. Simu yangu ikawaka, uso wake ukaonekana, naye amelowa vilevile. Ilikuwa meseji ya baba, nikampa aisome mwenyewe:

"Mwanafalaki umempata? Mwambie Zuhura imenipotea wiki ya pili sasa, sijui imekwenda wapi. Aje Jumapili anieleze, na aje na wazee wake."

Aliisoma mara mbili. Nilimwona akirudi kwenye neno la kwanza, akiligusa kwa kidole.

"Karibu unaonaje?" nikamuuliza.

"Vizuri," akasema. "Naona vizuri kabisa."

Akainuka kurudi kwenye projekta, akawaomba radhi mafundi na kuuliza kama waendelee na sayari. Mama wa futi hakumsikiliza. Alikwishanizungushia futi kiunoni, gizani humo humo, na anamtajia mwenzake namba za gauni.